Kimya Si Nidhamu

Kila bweni likiungua nchini, moshi haujaisha mtu ashaanza: rudisheni kiboko. Januari 2021 aliyetaka kirudi alikuwa waziri wa elimu mwenyewe, George Magoha, na wazazi wengi walimpigia makofi. Hesabu yao ni fupi: kiboko kilipigwa marufuku 2001, watoto wakaharibika.

Hesabu hiyo ni mbovu. Mwaka wa 1991 kule St. Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakafa. Mwaka wa 1998 bweni la Bombolulu, Kwale, liliungua na wasichana 26 wakafa. Miaka hiyo kiboko kilikuwa halali kabisa. Kiliwasaidia nini?

Tena kirudi kutoka wapi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inasema anayempiga mwanafunzi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Mimi nilianza darasa la kwanza kiboko kikiwa kishapigwa marufuku, na nilichapwa karibu kila wiki hadi darasa la nane. Hakijawahi kwenda mahali.

Na hatukuchapwa kwa kuchoma kitu. Tulichapwa kwa alama: ukipata 62 na lengo ni 70, unalamba nane. Tulichapwa kwa kuongea Sheng. Zaidi ya yote, tulichapwa kwa sababu ya ile karatasi.

Kila aliyesoma hapa anaijua. Mwalimu anatoka, monita anabaki mbele na kalamu, anaandika wapiga kelele. Ukiongea tena, jina lako linawekewa mara mbili. Marafiki wa monita hawaandikwi. Wengine wanafutwa kwa mabuyu ya shilingi tano. Mwalimu akirudi haulizi kitu, anasoma majina na kuchapa. Mtoto wa miaka tisa anajifunza hapo kwamba kosa ni kuandikwa, na kwamba mwenye kalamu anahongeka. Halafu tukikua tunashangaa trafiki alitoa wapi tabia zake.

Nishasikia jibu: mimi nilichapwa na niko sawa. Uko sawa kweli? Bosi akikosea hesabu kwa mkutano, unanyamaza. Ukiitwa ofisini, tumbo linakukata kabla hujajua unaitiwa nini. Swali lako unaliuliza WhatsApp watu wakishatawanyika. Huo ni woga uliozoeleka, na sasa unataka kumrithisha mtoto.

Najua ticha naye amebanwa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni, na walimu hawakuongezeka vile. Darasa letu tulikuwa 83, wanne wanne kwa deski. Mtu mmoja mbele ya watoto 83, na rundo la madaftari ya kusahihisha, atashika kilicho karibu. Fimbo haiombi mshahara. Kwa hivyo kila tukipiga kelele za kiboko, tunaisaidia serikali kukwepa deni lake.

Lakini hata mle ndani ya 83 kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili ambaye hakubeba fimbo. Alitungoja mlangoni. Swali lilikuwa ubaoni tayari, kwa hivyo tangu dakika ya kwanza kila mtu alikuwa na kazi. Alifundisha akizunguka katikati ya madeski. Ukisumbua, alikuja karibu, akataja jina lako polepole, akakwambia mtaongea baada ya kipindi. Na mliongea kweli, swali lake la kwanza likiwa kama umekula. Kelele zilikuwepo, za watoto wanaobishana kuhusu ngeli. Hazikumtisha.

Hiyo ni kazi ya ufundi. Walimu wanafaa kufundishwa hivyo, kuajiriwa wa kutosha na kulipwa. Inagharimu pesa, ndiyo maana wanasiasa wanapenda kuongea kuhusu fimbo.

Basi akija mtu tena na rudisheni kiboko, muulize darasa la mtoto wake lina watoto wangapi na walimu wangapi. Akikosa jibu, aanzie hapo. Na mikono yake aiache mfukoni.