Tusifyeke Maua ya Ukingoni

Kila muhula sisi wanafunzi hufyeka ukingo wa shamba la shule mpaka udongo uonekane, nasi husifiwa kwa usafi. Kwa maoni yangu twakosea. Nyuki wa mizinga yetu hawajui kulitikisa ua la nyanya au bilingani kwa mvumo hata limwage chavua. Wafanyao kazi hiyo ni nyuki wa mwituni wasiofugika mzingani: wengine hukaa ardhini, wengine ndani ya miti mikavu. Nao wote, maua ya mazao yakisha kupukutika, hutegemea maua ya magugu.

Wako wasemao kwamba majani huficha nyoka. Basi tufyeke karibu na mabweni, lakini ukingoni tuache ukanda wa hatua 3, usinyunyiziwe dawa. Usafi unaotunyima mboga una faida gani?