BEI ELEKEZI NI YA KILO, WEWE UNANUNUA FUNGU!

Kijana wa Buzebazeba, hebu tuulizane. Mara ya mwisho kununua kilo nzima ya sukari ilikuwa lini?

Januari 2024 serikali ya CCM ilitangaza bei elekezi: sukari ya rejareja isizidi Sh. 3,200 kwa kilo. Mitaani ikauzwa Sh. 4,000 na kupita! Lakini hata kama amri ingetiiwa, ingekufaa nini wewe mnunua robo? Piga hesabu: robo ukiuziwa Sh. 1,000, kilo umeilipia Sh. 4,000. Kigogo anapakia mfuko mzima duka la jumla, na kila kilo anailipia kidogo kuliko wewe mbeba mizigo wa Kibirizi. Mlalahoi ndiye anayekula ghali!

Sasa tazama genge. Dukani bei ikipanda unapiga kelele, unahamia duka la pili. Gengeni bei haipandi, fungu ndilo linakonda. Dagaa wa mia tano jana, dagaa wa mia tano leo. Umepunjwa kimyakimya, na asante ukasema! Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika, nani alikuja kupima fungu lako?

Usimrukie mama wa genge. Mtaji wake ni wa siku moja, naye kauziwa ghali na aliyemtangulia. Kuwaandama wauzaji kulishajaribiwa. Mwaka 1976, enzi za TANU, Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi. Mwaka 1983 wakasakwa wahujumu uchumi. Matokeo? Bidhaa zikajificha uvunguni, wazazi wako wakapanga foleni. Virungu havijazi sufuria!

Dawa ni mbili. Kwanza, changeni. Vijana kumi wa kijiwe kimoja wanunue gunia la mchele kwa bei ya jumla, wagawane kwa mzani. Hapo mnapata bei ya kigogo bila kuwa vigogo.

Pili, diwani akija kuomba kura, usimuulize habari za kanga na kofia. Muulize: ushuru wa soko unakusanywa kila siku, je, mzani wa umma wa mnunuzi kuhakiki alichouziwa utawekwa lini? Na Wakala wa Vipimo watafika lini kukagua makopo ya kupimia, si mizani ya maduka makubwa tu?

Akibabaika, mnyime. Chakula unauziwa kwa fungu. Kura yako usikubali nayo iuzwe hivyo hivyo!