Leseni ya dereva nayo imo katika bei ya vitunguu

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, wamezoea kuwaona wanunuzi kutoka Kenya wakifika na malori yao hadi mashambani, wakifungasha lumbesa na kutaja bei wanayoitaka wao. Lawama hupelekwa kwa madalali. Ni mara chache mtu huuliza kwa nini mwenye mali asisafirishe mzigo huohuo mwenyewe hadi Nairobi. Sababu ziko nyingi, ila moja haizungumzwi sana: hofu ya kuvuka Namanga na dereva ambaye hakuna mwenye hakika kama leseni yake inatosha upande wa pili.

Hofu hiyo ina gharama. Lori likizuiwa barabarani, vitunguu vitavumilia siku mbili tatu, nyanya hazitavumilia. Mfanyabiashara aliyekopa nauli ya lori hawezi kubishana na askari wa nchi nyingine huku mzigo unachuruzika. Atatoa chochote alichonacho mfukoni, na msimu ujao atampunguzia mkulima.

Tatizo kubwa ni madaraja ya leseni. Herufi ni zilezile za darasa la kwanza, lakini maana zinatofautiana. Tanzania, daraja C ni la magari ya abiria, D ni la magari madogo ya binafsi, na lori zito huendeshwa kwa daraja E. Kenya, C ni ya malori na D ni ya magari ya abiria. Kwa hiyo dereva wa lori kutoka Arusha mwenye E halali kabisa anaweza kusimamishwa na mtu anayetafuta C. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia kutambuliana vyeti vya elimu na taaluma. Leseni ndiyo cheti cha dereva. Jedwali la ukurasa mmoja linalolinganisha madaraja ya nchi zote, likibandikwa katika kila kituo cha mpakani na kila kizuizi cha polisi, lingemsaidia mkulima kuliko semina nyingi.

Baadhi ya watu hukimbilia kile kinachoitwa leseni ya kimataifa, wakidhani kwamba ukiwa nayo huhitaji nyingine. Sivyo. Kibali hicho ni tafsiri ya leseni ya nyumbani na hakina nguvu bila hiyo. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1. Kwa ule wa Vienna wa 1968 hakizidi miaka 3, na leseni ya nyumbani ikiisha nacho kimeisha.

Bima nayo isisahauliwe. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, hulipia madhara kwa mtu wa tatu katika nchi zinazoitambua. Haiwi bima ya vitunguu. Tena dereva akigonga huku daraja lake haliruhusu gari lile, kampuni ya bima itakuwa imepata sababu ya kukataa kulipa.

Wanaopeleka mchele na mahindi Rwanda kupitia Rusumo wana jingine zaidi. Ng'ambo ya daraja magari hupita kulia, ilhali lori la Tanzania lina usukani kulia. Kwenye milima ile yenye kona, dereva anayetaka kupita gari la mbele haoni kinachokuja. Hapo leseni pekee haitoshi. Anayekodi lori amuulize dereva amekwishapita huko mara ngapi.

Vyama vya ushirika vinavyokodi malori kwa pamoja vinaweza kuanza bila kusubiri serikali. Siku moja kabla ya kupakia, katibu aikague leseni ya dereva: daraja, tarehe ya mwisho, na jina kama linafanana na la pasipoti. Ikiwa na kasoro, atafutwe dereva mwingine wakati mzigo ungali shambani.