UJUMBE WA TAWI: ALIZETI YETU NA USHURU WA MAFUTA



Bajeti ya Taifa husomwa Juni, wakati sisi wa Singida tunapiga alizeti na kuipeleka mashineni. Ushuru wa mafuta ya nje ukishushwa, mkulima anausikia kwenye bei ya gunia, tena akiwa ameshavuna na hana la kurekebisha.

Katika bajeti ya 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru huo hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Tuliunga mkono na bado tunaunga mkono. Lakini ushuru unaopanda mwaka huu na kulegezwa mwaka mwingine haumsaidii mtu anayepanda Desemba. Tawi linataka kiwango kitangazwe kabla ya msimu, na kisiguswe kwa miaka mitano. Hoja hii tunaipeleka Kata na kwa Mbunge. Njooni kikao kijacho tuipitishe.

Kuna na jikoni kwetu. Tunalima alizeti, halafu dukani tunapimiwa mawese ya Malaysia na Indonesia! Mama lishe hatumlaumu, anahesabu senti. Mwenye uwezo anunue ya mashine zetu. Hata mashudu yanabaki hapa kulisha kuku na ng'ombe. Wenye mashine nao tuwaambie ukweli: mafuta yenye tope, ndani ya chupa ya maji iliyookotwa, hayawezi kushindana na dumu la kiwandani. Chujeni vizuri, tafuteni nembo ya TBS.

Katibu Mwenezi wa Tawi