STAA APATA KIKI KALAMBO, NDEGE WAPATA MAWE

Wadau wa Insta, ile video wengi mtakuwa mmeiona. Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kasimama ukingoni mwa maporomoko ya Kalambo, miwani nyeusi, raba nyeupe, mikono hewani. Nyuma yake kundi la korongo wakubwa, wale wenye kipara na mfuko shingoni, wanafumuka kutoka kwenye ukuta wa mwamba. Laiki zikamiminika, na watu wa Dar wakaanza kuulizana nauli ya Sumbawanga.

Tatizo ni kwamba ndege wale walirushiwa mawe. Ongeza sauti kidogo utasikia mtu anasema: "Rusha tena, hawajaruka wote."

Aliyelishtukia hilo ni kijana wa Majengo, pale pale Sumbawanga mjini, mpiga picha wa harusi na kipaimara ambaye siku zikiwa kavu anabeba kamera yake ya mtumba na kwenda kutafuta ndege. Aliandika maneno matatu tu: "Pale wana makinda." Basi, alioga matusi! Akaitwa mwenye wivu, akaitwa mshamba, na kama kawaida wakamletea na utani wa uchawi wa Sumbawanga.

Sasa tuwekane sawa. Dogo alikuwa sahihi.

Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Kwenye kingo za ule mwamba ndipo korongo hao wanapojenga viota. Wamepachagua kwa sababu hakuna wa kuwafikia. Mzazi akifurushwa, yai au kinda linabaki peke yake, juani, na ndege walao nyama wako macho. Akiruka kwa haraka anaweza hata kulisukumia mtoto wake bondeni. Sekunde 15 za reels kwa mtu mmoja zinaweza kuwa msimu mzima kwa ndege.

Kuna watakaosema, "Kwani korongo ni tembo? Wamejaa hata dampo." Sawa, hawajaisha duniani. Ila kinachofundishwa pale si korongo tu. Mtoto wa kijijini akipewa hela ya soda arushe mawe, kesho mgeni mwingine akija atamsubiri na mawe mkononi. Tabia ikishazoeleka Kalambo, itahamia kwa mwari na heroe wa Ziwa Rukwa, halafu kwa viboko wa Katavi wanaobanana kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi. Na kiboko, mjue, hapigi pozi. Anakufuata.

Na haya mambo si ya Rukwa peke yake. Mwaka 2025 zilisambaa video za watalii Serengeti wameshuka kwenye magari na kuziba njia ya nyumbu waliotaka kuvuka Mto Mara. Dunia nzima ililaani. Wale walikuwa wageni, tukawasema vizuri tu. Kwa nini staa wetu asisemwe?

Wanaojua kazi wanafanya kinyume chake. Mwingereza Will Burrard-Lucas, aliyetikisa mitandao mwaka 2019 kwa picha za chui mweusi wa Laikipia, Kenya, hakumkimbiza chui. Alitega kamera zenye vihisio njiani, akaondoka, akawaachia usiku na chui wamalize wenyewe. Subira yenyewe ndiyo kazi. Dogo wa Majengo hana vifaa hivyo, lakini subira anayo. Picha zake za ndege wa Rukwa zinaonyesha mnyama anayekula, anayelisha, anayelala. Hakuna hata mmoja anayekimbia. Laiki 40.

Haki itendeke pia kwa staa. Kawafanya vijana waione Ufipa kwa jicho jingine, sio lile la vichekesho vya radi na ungo. Hilo ni jambo kubwa na Rukwa inalihitaji. Kwa hiyo kumfungia vioo sio dawa. Dawa ni rahisi: aifute ile video, aseme kwa nini kaifuta, na safari ijayo amlipe kijana wa Majengo amwongoze na ampige picha, kwa pesa ya kazi, na jina lake liandikwe chini. Maana kuna kurasa za utalii zinazobeba picha za vijana kama yeye bila hata asante, wakati sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo wa staa mwenyewe. Wimbo wake ukiibwa anapiga kelele, si ndiyo?

Na nyie mashabiki, mkiona mnyama anakimbia kwenye video, kabla hujabonyeza kopa, jiulize nani kamkimbiza.

Haya, wadau: staa aombe radhi au watu wanakuza mambo? Dondosha maoni yako hapo chini, ila matusi kwa dogo wa Majengo, hapana.