Misumari miwili tu, mwenye nyumba



Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, wapangaji Bariadi tumeongezeka, na wenye nyumba nao wamepata sauti. Binti yangu wa miaka 12 analala chumba kimoja na kaka yake. Niliomba kugongea misumari miwili nitundike pazia katikati. Nikajibiwa ukuta hauguswi na mtu. Kodi ya miezi sita nimeshalipa!

Nikafunga kamba kutoka nondo ya dirisha hadi mlangoni, nikatundika kitenge. Mlango ukifunguliwa, kamba inalegea, kitenge chini. Sasa binti anavalia sare chooni.

Wenyeviti wa mitaa mnaoshuhudia mikataba yetu, jambo hili mnalisemaje? Na wapangaji wenzangu, ninyi mmegawaje chumba?

Mama mpangaji,
Bariadi, Simiyu