Daktari wa Ustawi wa Jamii Arudi Atusomee



Wako watu ambao, wakisikia ya kuwa mtu wa ustawi wa jamii aweza kusoma hata akapata udaktari, hucheka. Husema kumsaidia mjane ni kazi ya moyo, yataka digri gani? Sikubaliani nao. Mwenye huruma hugawa unga, na mwezi ujao hugawa tena, wala haulizi kwa nini debe ni tupu.

Tazameni mambo ya Chicago, Marekani. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Starr walifungua Hull House katika mtaa wa wafanyakazi maskini waliotoka Ulaya. Florence Kelley alikaa humo. Yeye na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: watu wa wapi, mwapata kiasi gani kwa wiki? Majibu yakatiwa rangi katika ramani, yakatolewa kitabu mwaka 1895. Kelley alichungua pia vyumba vya kushonea nguo, ambamo watoto wadogo walifanya kazi. Mwaka 1893 jimbo la Illinois lilipitisha sheria: mtoto chini ya miaka 14 asifanye kazi kiwandani, na mwanamke asizidi saa 8 kwa siku. Kelley akawekwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Matajiri walikwenda kortini, na mwaka 1895 sharti la saa 8 likavunjwa. Lile la watoto lilibaki.

Hiyo ndiyo sayansi niitakayo mimi. Mwaka 1915 Abraham Flexner alisema mbele ya mkutano huko Baltimore ya kuwa kazi hii haijawa taaluma kamili, na mpaka leo wataalamu wangali wakibishana kama ni sayansi yenyewe au ni ya kuazima. Wabishane tu.

Shida yetu ni nyingine. Mwanafunzi wa udaktari huja mitaani kwetu na karatasi ya maswali. Twamwambia mshahara, kodi ya chumba, madeni, hata ugomvi wa nyumbani. Akiisha kupata digri hatumwoni tena, na kitabu chake hukaa maktaba, kwa Kiingereza kigumu. Tena wengine huuliza sana juu ya pombe yetu, juu ya mshahara kidogo tu!

Basi naomba katibu wa kila tawi alete shauri hili mkutanoni: atakaye kuwauliza wanachama wetu aahidi kwanza, kwa maandishi, kurudi kutusomea aliyoyaona, kwa Kiswahili, kabla hajavaa joho.